Kumtafsiria Gogo

Jumapili, 7 Septemba

Nimetafsiri tena. Mahubiri marefu, koo limekauka. Mchungaji anasema sentensi moja kwa Kikuyu, naisema kwa Kiswahili, anaendelea, namfuata. Ndiyo kazi yangu ya Jumapili tangu binti yangu Chebet akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa Chebet yuko bweni, kidato cha tatu.

Mama Wanjohi alikuwa benchi ya mbele akiangalia saa. Si kwa kificho. Anainua mkono mzima hadi usoni, anaangalia, anaushusha. Kila nikifungua mdomo. Mumewe ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kwa hivyo hiyo saa yake ina uzito. Tukitafsiri ibada inapita saa saba. Yeye anataka iishe saa sita.

Gogo alikaa pale pake, benchi ya tatu, karibu na dirisha. Gogo ni mama ya mume wangu. Miguu ilipomkataa tulimtoa kwake Subukia tukamleta hapa mtaani kwetu, Section 58. Kikuyu hajui. Kusoma hajui. Akiwa kanisani anachopata ni kile kinachotoka mdomoni mwangu. Leo Mchungaji alitoa mzaha kuhusu jogoo wa jirani na Gogo akacheka kabla sijatafsiri. Alicheka kwa sababu wengine walicheka, nadhani.

Tulirudi nikapika. Sikuwa na njaa. Nilikula tu.

Jumatano, 10 Septemba

Ibada ya nyumba kwa nyumba. Zamu ya Mama Wanjohi. Nilienda na Gogo maana hataki kuachwa na televisheni, anasema inampigia kelele.

Huku kwetu mtu akitaka kukusema vibaya hakusemi. Anakuombea. Macho yamefungwa, mmeshikana mikono, na huwezi kumjibu kwa sababu si wewe anayeongea naye. Mama Wanjohi aliomba kwa Kikuyu, na sauti ya huruma kabisa. Bwana amwondolee dada yetu kiburi cha kupenda kusimama mbele ya watu. Bwana amkumbushe alikotoka kabla hajaenda kuolewa huko alikoolewa. Bwana awatazame wale wanaokaa nyumbani mwake bila kuelewa kitu, maana hata mbuzi akifungiwa kanisani hawi mshirika.

Wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina. Mdomo umezoea. Gogo ndiye aliyeisema kwa sauti kubwa kuliko wote, maskini. Alikuwa ameshika mkono wangu na akaubana kidogo. Vidole humuuma kukiwa na baridi.

Chai ilipokuja Gogo alikataa. Akasema ameshiba. Gogo, ambaye hajawahi kukataa chai tangu nimjue.

Njiani nikamwambia wametuombea afya. Akasema ni vizuri.

Huyu Mama Wanjohi ndiye aliyenifundisha Sunday School. Alikuwa rafiki wa mama yangu wa kufa na kuzikana. Yeye ndiye alinisimamisha mbele ya kanisa nikiwa na miaka saba, akaniambia nisome kwa sauti, nisimwogope mtu. Nilipomleta Kiprono, mume wangu wa kabila lingine, nyumbani alilia, na hakuja harusini. Mpaka leo hatujawahi kuliongea. Naandika haya na mkono umetulia. Ni kama naandika habari za mtu mwingine.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada tulikuwa na darasa la ubatizo. Vijana wanane na Gogo. Mwalimu anafundisha, mimi naketi kando ya Gogo na kumtafsiria.

Ubatizo ni tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Gogo hajawahi kubatizwa. Marehemu mume wake hakutaka mambo ya kanisa, na yeye hakutaka ugomvi kwa nyumba. Sasa amesema anataka. Hataki kufika huko juu aulizwe jina akae kimya. Jina amechagua Rebeka. Nilimuuliza kwa nini, akasema huyo Rebeka aliteka maji ya ngamia wote, alikuwa mtu wa kazi.

Mimi ninachoona ni ile sahani ya Meza ya Bwana. Kila mara inampita kwa kuwa hajabatizwa. Anakunja mikono na kuangalia dirishani mpaka ifike kwa mwenzake. Nataka siku moja isimame kwake. Sitaki kitu kingine kwa hilo kanisa. Kwa kweli hakuna.

Ugoro ameacha kwa ajili ya ubatizo, anasema. Kikopo nimekiona chini ya mto.

Jumapili, 21 Septemba

Wakati wa matangazo Mzee Wanjohi alisimama, akafunga vifungo vya koti. Akasema wazee wameketi, wameomba, wamekubaliana. Kuanzia mwezi wa kumi ibada itakuwa ya lugha moja. Hakutakuwa na kutafsiri. Wasioelewa wako huru, makanisa ni mengi mjini.

Kisha akaningojea.

Nikatafsiri. "Kuanzia mwezi wa kumi hakutakuwa na kutafsiri." Nilisema kwa sauti ileile ninayotumia kwa zaburi. Hata "makanisa ni mengi" nikaitafsiri. Huko nyuma mwalimu mmoja wa Kisii alichukua watoto wake wakatoka. Wengine waliangalia viatu.

Mama Wanjohi hakuangalia saa leo.

Sikuwa na hasira. Nilitafuta hasira njia yote ya kurudi nyumbani sikuipata. Nilifua leso mbili zilizokuwa safi.

Jumanne, 23 Septemba

Nilienda kwa Mchungaji. Ni kijana, aliletwa kutoka Naivasha mwaka jana, na bado anakaa ofisini kama mgeni, kwenye ukingo wa kiti. Nilimwambia wasitafsiri, sawa, lakini siku ya ubatizo waniruhusu dakika chache tu. Gogo ataulizwa maswali matatu. Au amuulize kwa Kiswahili mwenyewe. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.

Akazungusha kalamu. Akasema Mzee Wanjohi ameshaliongea hilo. Maswali yatasomwa kwa Kikuyu jinsi yalivyo kitabuni, na anayebatizwa ajibu mwenyewe bila mtu wa kumsaidia. Ambaye hajaelewa anachoapa, wazee wamesema, hajaapa. Ataombewa tu na kurudi kukaa.

"Mbele ya watu wote?" nikamuuliza.

"Mama Chebet, nielewe. Mimi naweza kuhamishwa kesho."

Nikamwambia nimeelewa. Aliniombea nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwa kitasa cha mlango. Ni mtu mzuri. Mtu mzuri asiyeweza kukusaidia anachosha zaidi ya mbaya.

Alhamisi, 25 Septemba

Kiprono amepiga simu kutoka kazini. Anachomelea mabomba ya mvuke huko upande wa Naivasha, na hurudi baada ya wiki mbili. Nilimweleza. Akasema tuhame, hiyo barabara yetu ina makanisa kila baada ya hatua kumi. Nikamwambia aongee na mama yake.

Wakaongea kwa lugha yao, muda mrefu. Gogo alinirudishia simu akasema habatizwi kwingine. Hapo ndipo alisikia Neno, hapo ndipo atamwagiwa maji. Halafu akauliza kama kuna maziwa.

Amekataa hata kufikiria. Mkaidi. Kuna wakati naona wanafanana na Mama Wanjohi.

Jumapili, 28 Septemba

Leo ilikuwa ya mwisho kutafsiri. Mzee Wanjohi alileta mhubiri mgeni. Mtu mnene, anatokwa na jasho, ana leso ya kujipangusa shingo. Mimi nilisimama upande wa kushoto kama siku zote.

Alianza na ukuta wa Yerusalemu. Baada ya muda akaugeuza uso wake kwangu. Akasema kuna mwanamke katika kanisa hili. Nikatafsiri, "Kuna mwanamke katika kanisa hili." Akasema alilelewa humu, akanyweshwa maziwa humu. Nikatafsiri. Akasema alipokomaa akaona wanaume wa kwao hawamtoshi. Nikatafsiri. Akasema sasa amerudi, amesimama hata mahali pa juu, na anataka nyumba ya baba zake ibadilishe ulimi kwa ajili ya uzao wa tumbo lake. Nikatafsiri yote. Sikupunguza neno. Sikuongeza. Nilimsikia huyo mwanamke akisemwa na nikawa ndiye ninayemsema, kwa Kiswahili kizuri, kwenye maiki.

Kisha akasema kuna wazee wanaobebwa kutoka huko mashambani na kuletwa hapa kama magunia, wakalie benchi za watoto wetu.

Nikamwangalia Gogo. Alikuwa ameinua uso, anangoja zamu yangu, kitambaa kimeteleza upande mmoja. Hiyo sikuitafsiri. Mgeni akangoja. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemaliza. Akaendelea na Yerusalemu yake.

Wanaojua lugha zote mbili waliona. Kulikuwa na kikohozi huku na huku.

Baada ya ibada nilikunja waya wa maiki nikaiweka kwenye sanduku lake. Hakuna aliyenisalimia. Wengine wanataka, najua, lakini Mama Wanjohi alisimama mlangoni. Gogo aliomba soda ya machungwa. Tukanunua, tukaketi kwenye ukuta wa duka, akainywa yote polepole.

Sijalia. Naandika ili nijue kwamba sijalia.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimejaribu kumfundisha Gogo majibu. Matatu tu, kwa Kikuyu, akariri kama watoto wanavyokariri wimbo. Nilimwambia mimi nasema, wewe fuata. Hakufuata. Nikarudia. Akaangalia kuku wa jirani.

"Wacha, Mama Chebet. Nitajibu."

Utajibu na nini? Nilimfokea. Nilimfokea mama mzima, mama ya mume wangu, kwenye baraza, jirani akisikia. Nikamwambia watamwacha hapo mbele kama mti, watu wamwangalie, kisha wamrudishe kwa mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema chai imechemka inamwagika.

Ilikuwa inamwagika kweli.

Nimemwomba msamaha. Akasema hakusikia matusi, alisikia mtu amechoka.

Jumapili, 5 Oktoba

Jumapili ya kwanza bila kutafsiri. Niliketi benchi ya tatu kando ya Gogo. Sijui mikono niiweke wapi. Nilianza kumnong'oneza, na Mama Wanjohi akageuka mzima mzima, kidole mdomoni. Mzee mmoja akaja akatuinamia, akasema kwa upole tusiwasumbue wengine. Nikanyamaza.

Benchi za nyuma zilikuwa na nafasi. Yule mwalimu hakuja. Familia ya fundi viatu haikuja. Ibada iliisha saa sita kasoro na watu walisimama nje wakiwa hawana la kufanya.

Gogo alikaa ibada yote ameangalia mbele. Nilimuuliza kama alichoka kukaa bila kuelewa. Akasema viti ni vigumu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepiga pasi nguo nyeupe ya Gogo. Na kitambaa. Kiprono anafika kesho. Ametuma picha ya viatu alivyomnunulia mama yake, vikubwa mno.

Kuomba siwezi. Kila nikifunga macho nasikia sauti ya Mama Wanjohi ikiniombea.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike pole pole, nisivuruge.

Kanisa lilijaa. Vijana wanane walisimama mstari mmoja, na Gogo akawekewa kiti mwishoni, viatu vipya vimewekwa karatasi ndani visimtoke. Mimi na Kiprono tulikuwa benchi ya tatu. Mama Wanjohi mbele, na saa yake. Mzee Wanjohi alikuwa ameshikilia bakuli la maji.

Vijana waliulizwa mmoja mmoja, wakajibu, wakamwagiwa maji. Mama zao wakapiga vigelegele. Mchungaji akafika kwa Gogo. Akafungua kitabu, akasoma swali la kwanza kwa Kikuyu. Unamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?

Gogo alikuwa anapanga kitambaa chake.

Nilisimama. Sikupanga kusimama. Nikafungua mdomo nitafsiri kutoka pale pale, na liwe liwalo. Mzee Wanjohi akanionyesha kiganja, nikae.

Gogo akajibu. Kwa Kikuyu. Akasema ndiyo, anamwamini, na amemwamini tangu siku ambazo huyu Mchungaji hajazaliwa. Si Kikuyu cha kukariri. Kilikuwa Kikuyu cha mama wa soko, kile cha zamani, ambacho mimi mwenyewe siongei vizuri, na alikitoa bila kuhangaika, kama mtu anayeagiza chumvi.

Mchungaji alisahau kufungua ukurasa. Akasoma la pili. Unamkataa Shetani na kazi zake zote? Gogo akasema amemkataa, na wale anaowatuma pia, hata wakija na maombi. Mtu akacheka huko nyuma, akajizuia. La tatu, utadumu katika ushirika wa kanisa hili? Hapo aliangalia kwanza benchi ya tatu. Nilidhani amefika mwisho. Akasema atadumu, wakimwachia benchi.

Niliangalia shingo ya Mama Wanjohi. Ilikuwa imesimama wima. Niliona anarudi nyuma, wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, akiokota kila alichokisema mbele ya Gogo akidhani ni ukuta. Mkono wa saa ulibaki mapajani.

Maji yakamwagwa. Rebeka. Kiprono alilia kwa sauti, mwanaume mzima wa mabomba. Mimi nilikaa chini.

Na sahani ilipopita, ilisimama. Akachukua mkate kwa mikono miwili, akautafuna muda mrefu mno.

Nje, Mama Wanjohi alikuja. Watu wakampisha. Alimshika Gogo mkono, akamwambia kwa Kikuyu, sauti chini, Mungu akubariki mama, karibu nyumbani.

Gogo akanigeukia mimi, na kwa Kiswahili akauliza, "Anasema nini?"

Nikatafsiri, "Anasema Mungu akubariki, karibu nyumbani."

"Mwambie asante," Gogo akasema.

Nikamwambia Mama Wanjohi asante. Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliniangalia mimi mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani atasema kitu. Akaangalia saa, akaenda zake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kiprono amerudi kazini alfajiri. Asubuhi ya jua. Mimi na Gogo tulikaa barazani tukiambua minji, zile njegere mbichi, beseni katikati yetu.

Halafu akaanza mwenyewe. Aliuza maziwa sokoni Subukia tangu akiwa msichana, na wenzake wote wa maziwa walikuwa wanawake wa Kikuyu. Walizaa pamoja, walilindiana watoto. Lugha yao aliijua kabla ya Kiswahili. Ukaja ule mwaka wa vita vya makabila. Wao wakaondoka, na yeye akabaki na mtungi. Akaiweka chini hiyo lugha, Kiprono akiwa bado mdogo. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba hakuwa tena na mtu wa kuongea naye.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hii nikipiga kelele kwenye maiki. Akasema mwanzo alinyamaza ili asikie watu wanasema nini. Baadaye akazoea kusikia mara mbili. Mara ya kwanza kwao, mara ya pili kwangu. Ya kwangu ndiyo alikuwa anaingojea.

Nikakumbuka ibada ya nyumba kwa nyumba. Mbuzi. Nikamwambia, Gogo, siku ile nilisema amina.

"Hata mimi niliisema," akajibu. "Ungefanya nini?" Kisha akacheka peke yake. "Afya. Ati wametuombea afya."

Akaambua ganda lingine. Bila kuniangalia akasema, "Ile Jumapili ya mgeni. Uliruka moja."

Ndipo nikalia. Nililia sana, kamasi na yote, minji ikamwagika kwenye leso. Hakunishika wala kuniambia nyamaza. Alikusanya zilizoanguka, akazipuliza vumbi, akazirudisha beseni.

Nilipomaliza akasema Jumapili nikae karibu naye, upande wa sikio zuri, nimtafsirie hapo hapo kwa sauti ndogo. Nikamwambia watatunyamazisha. Akasema wajaribu.

"Na usiruke tena," akasema. "Mimi ni mtu mzima."

Nikasema sawa. Tukamalizia minji.